Barua kutoka Ubagwe

Ubagwe, Unyamwezi Magharibi, 24 Aprili 1876. Ndivyo inavyoanza mojawapo ya barua ambazo Henry Morton Stanley aliliandikia gazeti la New York Herald. Mahali, kisha tarehe. Sisi tunaofanya kazi magazetini tunaujua mstari huo. Unamwambia msomaji: nilikuwepo, sikusimuliwa.

Ubagwe leo ni jina la kata katika Halmashauri ya Ushetu, mkoani Shinyanga. Ni nchi ya tumbaku, mahindi na mpunga, na ni kwetu. Nimefanya kazi ya uandishi wa habari zaidi ya miaka kumi na nimeandika kutoka Kahama mjini, Bulyanhulu, Geita na Nyarugusu, kwa sababu dhahabu ndiyo habari inayolipiwa nauli. Hakuna mhariri aliyewahi kunituma Ubagwe. Nani atanunua gazeti lenye Ubagwe ukurasa wa mbele? Na bado, karibu miaka 150 iliyopita, jina hilo lilisafiri mikononi mwa matarishi hadi pwani, likavuka bahari mbili na kusomwa na watu wa New York.

Kwa hiyo makala hii ni juu ya yule aliyeliandika. Alikuwa mwandishi wa habari, mchoraji wa ramani na picha, mpiga picha, mtunga vitabu, mhadhiri wa majukwaani, na mwishowe mbunge. Najua wengi wetu jina lake linatukera. Linanikera hata mimi. Lakini huyu jamaa alipita kwetu na daftari, na kilichoandikwa humo bado tunakitumia shuleni bila kujua kimetoka wapi.

Tuanze na uraia wake. Mwandishi huyu maarufu wa Kimarekani alizaliwa Denbigh, Wales, tarehe 28 Januari 1841, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na kitabu cha ubatizo kiliandika waziwazi kwamba ni mwana wa haramu. Babu aliyemlea akafa mtoto akiwa bado mdogo, na mwaka 1847 akapelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Alidanganywa njiani kwamba anakwenda kwa shangazi. Alikaa humo hadi 1856. Mwaka 1859 alivuka bahari hadi New Orleans, na huko akajipa jina la Stanley. Yeye alidai kwamba tajiri mmoja mwenye jina hilo alimchukua akamfanya mwanawe. Waandishi wa maisha yake waliofuatilia habari hiyo wengi hawaiamini.

Hapa nasimama kidogo. Mtu aliyejitungia baba ndiye aliyekuja kutuandikia historia. Silisemi hili kumdhihaki, maana ukiisoma habari ya mtoto yule anayeambiwa twende kwa shangazi unapata donge kooni. Nalisema kwa sababu linasaidia kumsoma. Stanley alijua mapema sana kwamba hadithi ikisimuliwa vizuri inaweza kumpa mtu chakula, jina na ukoo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani aliingia jeshi la Kusini, akatekwa Shiloh mwezi Aprili 1862, akafungwa Camp Douglas kule Chicago, na akatoka gerezani kwa kukubali kuvaa sare za Kaskazini. Baadaye alijiunga na jeshi la majini, akatoroka. Mtu mmoja, pande mbili za vita moja. Vita hivyo hivyo vilipunguza sana shehena za kitambaa cha pamba kutoka Massachusetts kuja Zanzibar, kile ambacho babu zetu walikiita merikani. Kitambaa hicho kilikuwa fedha ya bara. Kililipa wapagazi na hongo za watemi, na kilinunua pembe. Yaani Wanyamwezi na Wasumbwa walikuwa wameijua Marekani kwa kuishika na kuivaa kabla hawajamwona Mmarekani yeyote.

Uandishi aliujifunzia barabarani. Mwaka 1867 alikuwa mwandishi wa gazeti moja la St. Louis, akifuatana na jeshi lililokwenda kupambana na Wahindi Wekundu. Mwaka uliofuata New York Herald likampeleka Uhabeshi, Waingereza walipokwenda kumpiga Mfalme Tewodros. Wakati wa kwenda, alipopita Suez, alimhonga karani wa simu za maandishi ili taarifa yake ipelekwe kabla ya za wengine wote. Mambo yakaenda kama alivyopanga. Taarifa yake ikaondoka kwanza, kisha waya wa chini ya bahari ukakatika, na waandishi wengine wakabaki na karatasi zao mkononi. London wakasoma ushindi wa jeshi lao katika gazeti la New York. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilicheka, kisha nikajiuliza kama ningekuwa mimi ningefanya nini. Bado sijajijibu.

Basi mwenye gazeti, James Gordon Bennett mdogo, akamwagiza amtafute Livingstone. Stanley alifika Zanzibar Januari 1871 na akaondoka Bagamoyo mwezi Machi. Juni alikuwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Huko akaikuta vita. Mirambo, mtemi wa Uyowa, alikuwa ameifunga njia ya kwenda Ujiji. Alidai hongo na heshima kwa misafara inayopita kwake, na Waarabu wa Tabora walikuwa wamezoea kupita kama nchi haina mwenyewe.

Mwandishi anayekuta vita ana kazi moja, kuiandika. Stanley akachukua bunduki. Mwezi Agosti 1871 aliungana na Waarabu, bendera ya Marekani ikiwa mbele ya watu wake, kwenda kumpiga Mirambo. Waliteka Zimbizo. Kundi jingine, chini ya Soud bin Sayd, likaenda Wilyankuru kujichukulia pembe na watumwa, na wakati wa kurudi Mirambo akawavizia kwenye majani. Waarabu waliokuwa katika kundi lile waliuawa. Waliobaki wakakimbia, na Stanley naye akakimbia, huku homa imemshika. Kabla mwezi haujaisha Mirambo alikuwa ameingia Tabora na kuichoma. Kutoka Kwihara, Stanley aliuona moshi.

Katika maandishi yake ya wakati ule Mirambo ni jambazi, mnyang'anyi wa njiani, adui wa biashara na ustaarabu. Haishangazi. Mtu aliyekupiga risasi jana huwezi kumwandika vizuri leo. Linalonisumbua ni jingine. Msomaji wa New York hakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba mwandishi wake ni upande mmoja wa kesi. Aliona tu mahali na tarehe.

Habari ya Ujiji inajulikana, sitaikawiza. Alizunguka kusini kupitia Ugalla na, kwa hesabu yake, Novemba 1871 akamkuta mzee Livingstone. Ile salamu yake iliyokuja kuwa mzaha wa dunia nzima imo katika kitabu alichokitoa 1872, lakini katika shajara yake kurasa za mkutano ule zimechanwa. Aliyekuwa wa kwanza kumkimbilia kumsalimu alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, kwa hiyo hata katika tukio hilo la Wazungu wawili aliyefungua mazungumzo ni Mwafrika. Huko London wenye elimu hawakumwamini kwanza. Mwandishi wa gazeti, hana shahada, eti amempata waliyemshindwa? Baadaye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ikampa medali ya dhahabu. Akaenda New York kutoa mihadhara na watu hawakuja. Umahiri wa kuandika na umahiri wa kusema mbele ya watu ni vitu viwili, na hilo la pili alilipata akiwa mzee.

Msafara wa pili, wa 1874 hadi 1877, ndio uliomleta kwetu. Safari hii alilipiwa na magazeti mawili, New York Herald na Daily Telegraph la London. Aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu zaidi ya 300, na mashua iliyokatwa vipande. Alibeba kamera pia, na vioo vya kupigia picha, mzigo wa kuvunjika uliowekwa kichwani mwa mpagazi kwa mamia ya maili. Alichora mwenyewe ramani, nyumba, silaha, ngoma, vyombo vya uvuvi. Kule Buganda alimpiga picha Kabaka Mutesa na wakuu wake, na picha hiyo ikachongwa kwenye mbao ili ichapwe. Kitabu alichokitoa 1878 kilikuwa na ramani 10 na michoro 150 ya mbao. Baina ya michoro hiyo zimo nyumba za Serombo, na yumo rugaruga mmoja wa Mirambo.

Serombo ni Ushirombo. Leo ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Geita, mji wa malori, na ukisimama barabarani utaona pikipiki zimebeba wachimbaji wakielekea machimboni. Wakati ule ulikuwa mji mkubwa wa Usumbwa, wenye nyumba za msonge. Mchoro wenyewe si mzuri sana, maana mchongaji wa London hakuwahi kuiona msonge, na mistari imenyooka mno. Lakini ni kati ya picha chache sana za makazi ya Wasumbwa wa karne ya 19 zilizotufikia. Nimekaa nao muda mrefu kuliko nilivyokaa na maneno yake. Maneno yanabishana nawe. Mchoro unakaa kimya, unauangalia paa na mlango, unajiuliza ni nani alikuwa ndani.

Aprili 1876 Stanley alikuwa anashuka kutoka Karagwe kwa Rumanika, anaelekea Ujiji. Njia nzima alisikia jina moja likitajwa kwa hofu. Mirambo anakuja. Na kweli akaja, Serombo, kwa ngoma na milio ya bunduki. Mtu aliyemfukuza uwanjani miaka mitano kabla alituma wajumbe kusema anataka urafiki.

Stanley alitegemea kuona jitu la kutisha. Akakuta mtu mrefu, mwembamba, makamo ya miaka 35, mpole wa sauti, anayeongea kwa adabu. Wakachanjiana. Aliyefanya kazi ya kuchanja alikuwa Manwa Sera, mkuu wa watu wa Stanley (si yule Mnywa Sele aliyekuwa mtemi wa Unyanyembe, majina tu yanafanana). Damu ya mmoja ikaingia mguuni kwa mwingine, na yakatamkwa maapizo juu ya atakayeuvunja udugu ule. Kwa desturi ya kwetu hilo si jambo la maonyesho. Ndugu wa kuchanjiana ni ndugu. Anakula kwako, anapita kwako, na akifikwa na shida hukai mbali.

Siku mbili tatu baadaye Stanley akafika Ubagwe, akakaa, akaandika.

Na kalamu ikageuka. Jambazi wa 1871 sasa ni jemadari, mtu wa akili na hadhi, anayestahili kulinganishwa na Napoleon Bonaparte. Ndiyo, ule ulinganisho tunaoufundishwa tangu shule ya msingi, Mirambo kuwa Napoleon wa Afrika, mtu aliyeutia duniani ni huyu. Nimewahi kusikia watu wa Tabora na wa Kahama wakiusema kwa fahari, kana kwamba ni sifa tuliyoirithi kwa wazee wetu. Tumeirithi kutoka New York Herald.

Sasa, Mirambo gani ndiye wa kweli? Wapo wanaosema wa 1876, kwa kuwa safari hii mwandishi alikaa naye na kumtazama usoni. Mimi siendi nao hadi mwisho. Mwaka 1871 Stanley alikuwa anahitaji njia na Mirambo akamzuia. Mwaka 1876 alihitaji njia na Mirambo akamfungulia. Kilichobadilika zaidi ni njia. Watu waliokimbia vijiji vyao kwa kuogopa rugaruga walikuwa walewale kabla na baada ya kuchanjiana, na hao hawakupata aya nyingi.

Tena naamini Mirambo alijua anachokifanya. Alikuwa anataka kufungua mlango wake mwenyewe kwa Wazungu bila kupitia Waarabu wa Tabora. Alifanya urafiki na mfanyabiashara wa Uswisi, Philippe Broyon, aliandikiana na balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, na mwaka 1879 akampokea Daktari Southon wa London Missionary Society. Kwa lugha ya leo, alikuwa na idara yake ya habari. Pale Serombo hakuhojiwa tu, alihakikisha anahojiwa. Yakaharibika 1880, wakati Waingereza wawili waliokuwa katika kazi za Mfalme Leopold wa Ubelgiji, Carter na Cadenhead, walipouawa katika vita alivyopigana akiwa na washirika wake. Sifa ya miaka minne ikazimika.

Hatuwezi kumwacha Stanley Ubagwe kana kwamba ameishia kwenye udugu. Miezi michache kabla, Agosti 1875, alikuwa ameirudia Bumbire, kisiwa cha Ziwa Viktoria, kulipiza kisasi, akawapiga watu risasi kutoka kwenye mitumbwi huku wao wako ufukweni na mikuki na mishale. Tunalijua tukio hilo kwa sababu aliliandika mwenyewe na kulituma gazetini, tena kwa majivuno. London zikapigwa kelele. Ni jambo la ajabu kwa kazi yetu. Ushahidi mkubwa dhidi yake ni taarifa zake mwenyewe.

Na yupo Kalulu. Alikuwa mtoto, mtumwa, Stanley alipopewa na Mwarabu mmoja Tabora mwaka 1871. Jina lake lilikuwa Ndugu Mhali, na Stanley akaona halifai, akambadilisha. Alimpeleka Uingereza na Marekani, akamsomesha kidogo, akapiga naye picha studio, akaandika riwaya yenye jina lake. Machi 1877 kijana yule alizama katika maporomoko ya Mto Kongo. Maporomoko yakapewa jina la Kalulu. Mwandishi aliyejibadilisha jina akiwa kijana ili apate kuishi hakuona shida kumpa mtoto wa watu jina la mnyama mdogo wa porini.

Walipofika Boma, Agosti 1877, zaidi ya nusu ya waliotoka pwani hawakuwepo. Wazungu watatu aliotoka nao walikuwa wamekufa wote. Waswahili na Wanyamwezi waliobaki aliwarudisha Zanzibar, akawalipa, na wanaomtetea hulitaja hilo. Kisha akarudi Kongo kwa miaka mitano, kumjengea Leopold vituo na kukusanya mikataba ya watemi. Huko ndiko alikopata jina la Bula Matari, mvunja mawe, na jina hilo likaja kuwa jina la serikali yenyewe ya Wabelgiji midomoni mwa Wakongo.

Mwaka 1885 ndipo alipochukua rasmi uraia wa Marekani, na sababu ilikuwa kulinda haki za vitabu vyake. Mwaka 1892 akarudi kuwa Mwingereza, akapata ubunge 1895. Mkewe, Dorothy Tennant, ndiye aliyekuwa mchoraji halisi wa nyumba ile, na ndiye aliyeihariri tawasifu yake baada ya yeye kufa London mwezi Mei 1904.

Lakini kwa mtu wa Ushetu liko jambo lililo karibu zaidi. Msiri, aliyeitawala Katanga kutoka Bunkeya, alikuwa mtu wa Usumbwa. Alikwenda kule na misafara ya shaba na pembe, akabaki, akaanzisha dola ya Wayeke, na uzao wake uko Bunkeya hadi leo. Desemba 1891 msafara uliotumwa kwa maslahi ya Leopold ulifika kwake ukamtaka akubali bendera. Alikataa, wakampiga risasi. Kiongozi wa msafara ule alikuwa Kapteni Stairs, aliyekuwa ofisa wa Stanley katika safari yake ya mwisho ya Afrika, ile ya kumtafuta Emin Pasha.

Stanley alipita tena upande wetu mwaka 1889 katika safari hiyo, akitoka kwa mmisionari Mackay kule Usambiro, na bunduki ya Maxim. Ndugu yake wa kuchanjiana hakuwepo tena. Mirambo alikufa tarehe 2 Desemba 1884, akiugua koo, baada ya miaka ya vita. Siku hiyo mkutano wa mataifa ya Ulaya wa kugawana Afrika ulikuwa katika wiki yake ya tatu Berlin, na Stanley alikuwa mmoja wa walioketi ndani, mshauri wa ujumbe wa Marekani, akiwaeleza kwenye ramani mito inapita wapi.